Mkaaji Hula Miguu Yake

Mamangu alijaribu kuinuka kutoka kwenye kigoda cha jikoni mara tatu, na mara zote tatu akarudi chini. Mara ya nne alimwita mjukuu wake wa miaka minane, akamshika bega, akainuka huku akiguna. Kisha akacheka. "Kigoda hiki siku hizi kina sumaku," aliniambia, akaendelea kutafuta chumvi kana kwamba hakuna lililotokea.

Hiyo ilikuwa Agosti 2024, nyumbani kwetu katika milima ya Taita, juu kidogo ya Wundanyi. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala naye, mguu wangu wa kushoto nimeunyoosha mbele na mkongojo nimeuegemeza ukutani. Tulikuwa wanawake wawili jikoni humo, na baina yetu hapakuwa na miguu minne ya kutegemewa. Hata hivyo, mguu wangu ulikuwa na kisa chake, maana ulivunjika. Mama hakuwa ameanguka wala hakuwa mgonjwa. Mwezi uliotangulia alikuwa amepimwa presha na sukari, daktari akamsifu. Basi miguu yake ilikuwa imekwenda wapi?

Msomaji mpenzi, jibu la swali hilo lilinichoma moyo. Miguu ya mama tulikuwa tumeichukua sisi wanawe, tena kwa harambee.

Mnamo Desemba 2021 mama alitimiza umri wa miaka 70. Tuko wanne kwa mama yetu, nami ni kitinda mimba. Baba alitutoka zamani. Tuliotawanyika Mombasa, Voi na Nairobi sote tulirudi nyumbani Krismasi hiyo na azma moja, kumpumzisha mama. Waama, alikuwa amefanya kazi ya kutosha. Kwa miaka mingi aliteremka kila alfajiri hadi chemchemi iliyo bondeni, akapanda tena na mtungi wa maji wa lita 20. Shamba letu ni ngazi tupu, matuta juu ya matuta, na ukiangusha kiazi huku juu utakiokota kwa jirani. Kanisa nalo liko kwenye kilima cha pili. Yeyote aliyewahi kufika Taita anajua kwamba kule hakuna kutembea. Kuna kupanda na kuteremka.

Tukachanga. Dada akaleta tangi na mfereji wa maji hadi mlangoni. Mimi nikanunua jiko la gesi, ili mama asihangaike na kuni. Kaka wa pili akatafuta msichana wa kumsaidia kazi. Kaka mkubwa, anayeishi Mombasa, akaleta kwa gari la kukodi kochi kubwa la sponji, lile la kuzama hadi mabegani, akaliweka sebuleni kando ya dirisha linalotazama barabara. Kisha akasimama mbele ya wageni, akasema, "Mama, umetubeba vya kutosha. Kuanzia leo una kazi moja tu, nayo ni kukaa." Tulipiga makofi. Wajomba walitubariki. Jirani mmoja alisema laiti watoto wote wangekuwa kama sisi.

Naye mama, kwa utiifu ambao sikuutilia maanani wakati ule, akakaa.

Sasa nije kwenye mguu wangu. Mei 2024 nilivunjika muundi jijini Nairobi, nikishuka kutoka kwenye matatu ambayo dereva wake aliona kusimama kabisa ni kupoteza wakati. Sitarefusha habari hiyo. Wakazi wa Nairobi wanaijua. Nilifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, nikakaa nayo wiki saba. Ilipokatwa kwa kile kimsumeno kinacholia kama nyuki, mguu uliotoka humo sikuutambua. Ngozi ilikuwa na magamba kama ya kenge. Shavu la mguu halikuwapo. Paja langu, ambalo kwa miaka mingi nililiombea lipungue, lilikuwa limepungua kwa namna ambayo singemwombea adui.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa mikono. Alichukua utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani, akapima paja la kulia, kisha la kushoto, mahali pamoja juu ya pia ya goti. Tofauti ilikuwa sentimita nne na nusu. Nikaanza kulia.

"Dada, usilie," akasema. "Huu haujafa. Ulinyimwa kazi, ukajila."

Ukajila! Neno hilo lilinikaa. Tangu utotoni nilisikia kwamba mtembezi hula miguu yake. Ni maneno ambayo nyanya alitutupia kila tulipochelewa kurudi nyumbani. Huyu alikuwa akiniambia kinyume chake, kwamba mkaaji ndiye mla miguu. Nikamwomba anieleze. Aliposikia kwamba kazi yangu ni kuandika, alinipeleka mbele ya picha kubwa iliyobandikwa ukutani, ya mtu aliyechunwa ngozi, mwekundu kama nyama ya buchani, akaanza kunisomesha. Somo hilo liliendelea mara mbili kwa wiki, huku nikiinua na kushusha mguu uliofungwa kifuko cha mchanga.

Kwanza alinirekebisha maneno. Watu wengi huita kila kinachouma mguuni mshipa. Mshipa umekaza, mshipa umeruka, mshipa umepinda. Kumbe mishipa ni mifereji ya damu. Neva ndizo nyaya zinazopeleka habari kutoka ubongoni na kuzirudisha. Kano ni zile kamba ngumu nyeupe zinazofunga mnofu kwenye mfupa. Msuli ni mnofu wenyewe, ile steki tunayoilipia buchani. (Wazee wa Mombasa na Lamu wakisikia msuli hufikiria kwanza ile nguo ya kujifunga kiunoni. Wanivumilie, nazungumza juu ya kilicho chini ya nguo hiyo.)

Mwili una misuli zaidi ya 600, nayo ni ya aina tatu. Uko msuli wa moyo, usiongoja amri ya mtu wala usiojua likizo. Iko misuli laini iliyomo katika kuta za tumbo, za utumbo na za mishipa ya damu, ambayo nayo hufanya kazi bila ya kutuuliza. Aina ya tatu ni ile iliyofungwa kwenye mifupa, na hiyo pekee ndiyo tunayoitawala kwa hiari yetu. Kila mnofu unaoweza kuushika mguuni kwa mkono ni wa aina hii. Sehemu kubwa ya misuli hiyo ya mifupa imewekwa kuanzia kiunoni kwenda chini, na ukitazama kazi inayofanywa huko utaona ni haki.

Tuanze juu. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni ule wa tako. Watu wanaufanyia mzaha, lakini kazi yake ni nzito, kwani ndio unaonyoosha nyonga mtu anapoinuka au anapopanda mlima. Kando yake, ubavuni mwa nyonga, upo mwingine mdogo ambao hausifiwi na yeyote. Kila unapoinua mguu mmoja ili upige hatua, msuli huo wa upande wa mguu uliobaki chini huzuia kiuno kisizame upande ulio hewani. Ukidhoofika, mtu hutembea akiyumba kama bata. Nilikuwa nimemwona mama akiyumba hivyo tangu mwaka wa jana yake, nikadhani ndiyo mwendo wa uzee.

Mbele ya paja ipo misuli minne inayofanya kazi kwa umoja. Inakutana chini katika kano moja nene, na ndani ya kano hiyo ndimo ilimolala pia ya goti. Kano inaendelea hadi kwenye muundi. Mimi siku zote nilidhani pia ya goti ni kifuniko tu, mfano wa kifuniko cha sufuria. La hasha. Inaisukuma kano mbele, mbali kidogo na kiungo, ili misuli minne ikivuta ipate nguvu zaidi ya kunyoosha goti, kama roda inavyomsaidia mvuta kamba. Nyuma ya paja ipo misuli mitatu, nayo hukunja goti. Ndani ya paja ipo inayovuta miguu ikaribiane. Na kutoka ubavuni mwa nyonga, ukikatiza paja kwa mshazari hadi ndani ya goti, upo utepe mwembamba ambao ni msuli mrefu kuliko yote mwilini. Wataalamu waliupa jina kutokana na neno la Kilatini la fundi wa nguo, kwa sababu ndio unaosaidia kukunja miguu vile mafundi wa zamani walivyoketi sakafuni wakishona. Mtaalamu wangu aliniambia hayo huku akinipima tena kwa ule utepe wa cherehani, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Chini ya goti, shavu la mguu lina misuli miwili mikuu. Wa juu una vichwa viwili na ndio unaoonekana mtu akisimama kwa vidole. Wa chini yake ni mpana, umejificha, na hauchoki upesi. Yote miwili huungana katika kano nene inayoshika kisigino, na ndiyo inayotuinua kila hatua. Isitoshe, kila shavu linapokaza huibana mishipa ya damu iliyomo ndani na kuisukuma damu ipande kurudi moyoni, na vali zilizomo mishipani huizuia isirudi chini. Hii ni sababu mojawapo ya miguu kuvimba mtu akikaa kutwa nzima, awe abiria wa basi au mama aliyewekwa dirishani. Mbele ya muundi upo msuli unaoinua wayo usikwaruze chini. Ukilegea, hata ukingo wa zulia hugeuka mtego.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba msuli haujui kusukuma. Unajua kuvuta tu. Ndiyo maana hupangwa kwa jozi, mmoja wa kukunja na mwenzake wa kukunjua. Na katika kuvuta huko wakati mwingine hurefuka badala ya kufupika. Mtu anapoteremka mlima, misuli ya mbele ya paja hukaza na huku inarefuka, mfano wa mtu anayeshusha ndoo kisimani akiiachilia kamba kidogo kidogo. Kazi ya namna hiyo hukwaruza nyuzi za msuli kwa majeraha madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mgeni akipanda Vuria, kilele chetu cha mita 2,208, hujisifu jioni ileile kwamba ameshinda mlima. Ni kesho yake au kesho kutwa, akitaka kushuka kitandani, ndipo anapojua kwamba aliumizwa na kuteremka.

Mama alifanya kazi hiyo kila siku kwa zaidi ya miaka 50. Misuli yake ya mapaja ilikuwa na mafunzo ambayo mwanariadha angeyaonea wivu, nasi tulimwondoa kambini kwa siku moja.

Na huko kukaza ni nini hasa? Ukichana msuli utapata mafungu, ndani ya mafungu nyuzi, na ndani ya kila uzi nyuzi nyembamba zaidi, na ndani yake tena zimepangwa safu za protini mbili, aktini iliyo nyembamba na miosini iliyo nene. Zamani wengi walidhani nyuzi hizo hujikunja kama chango. Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, walitokea Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, na Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine, wakaeleza kwamba nyuzi hazijikunji bali hupishana. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa jamaa.) Weka vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, kisha visukume viingiane, utaelewa. Neva ikileta amri, kalsiamu humwagika ndani ya uzi, na vichwa vidogo vya miosini hushika aktini na kuivuta, hushika tena na kuivuta, kama wavuvi wanavyovuta wavu ufuoni. Hata kuachilia kunahitaji nishati. Ndiyo sababu maiti hukakamaa. Nishati imekwisha na vichwa vimebaki vimeshika.

Mwili huhifadhi mafuta kwa ajili ya siku za njaa, lakini hauna ghala maalumu la protini. Ghala lake ni misuli. Kila siku hubomoa kidogo na kujenga kidogo, nao husikiliza kazi ili ujue ujenge wapi. Msuli usiotumwa huonekana kama mali isiyo na mwenyewe. Mwaka 2007 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari za kikundi kidogo cha wazee wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Kwa siku 10 tu, walipoteza karibu kilo moja ya mnofu miguuni. Nilipoisoma habari hiyo nilihesabu siku za mama kwenye kochi. Nikaacha kuhesabu.

Ni kweli kwamba umri nao hula sehemu yake. Mwaka 1989 daktari Irwin Rosenberg aliupa upungufu huo jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki ya mnofu na upungufu. Msuli una nyuzi za polepole, zenye subira, ambazo mkimbiaji wa marathoni huzitegemea, na nyuzi za haraka, za kuruka na kudaka. Uzee huzipunguza zaidi zile za haraka. Mzee akijikwaa, anajua kwamba anaanguka na anataka kutupa mguu mbele ajizuie, lakini mguu unachelewa. Uzee hatukuuleta sisi. Tulilolifanya ni kuuharakisha.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani Agosti ile nilipomwona mama akishindana na kigoda. Kuinuka kutoka kitini ni kazi ya tako na ya ile misuli minne ya paja, na niliona waziwazi ni ipi iliyokuwa imemtoroka. Jioni nilimkalisha kwenye kiti cha mbao nikamwomba akunje mikono kifuani ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa nusu dakika. Hicho ni kipimo ambacho wataalamu hukitumia kwa wazee. Hakuinuka hata mara moja. Nilipomruhusu ashike kiti kwa mikono, aliinuka mara nne, akatoka jasho.

Nilimpigia simu kaka mkubwa. Nilidhani tutaelewana. Kumbe nilimtisha. Wiki mbili baadaye alifika kutoka Mombasa na kiti cha magurudumu, kipya, bado kimefungwa nailoni, akakishusha uani kwa fahari na huzuni pamoja. Mimi nilikuwa bado likizo ya ugonjwa, nikamkuta mlangoni.

"Kaka, ukimketisha humu hatainuka tena," nikamwambia.

"Na wewe unataka nini? Arudi kubeba mitungi? Watu watasema nini wakimwona? Kwamba wana wake wanne wameshindwa kumtunza?"

Maneno yalikuwa makali, nami sitayaandika yote. Kaka yangu ni mtu mwema. Yeye ndiye aliyenilipia karo baba alipofariki, na alikuwa na haki ya kukasirika akifundishwa upendo na kitinda mimba aliyeshika mkongojo. Tulibishana hadi tukasikia sauti ya mama kutoka kwenye kochi lake.

"Wanangu, hamjaniuliza."

Tukanyamaza. "Mliponiambia kazi yangu ni kukaa," alisema, "nilidhani mmeniona nimekwisha. Nikasema moyoni, hawa wamesoma, wameona kitu ambacho mimi sijakiona. Nikakaa nikingoja." Hakusema alikuwa akingoja nini. Kaka alitoka nje akasimama kando ya kile kiti kwa muda mrefu.

Kesho yake tulimpeleka mama hospitali ya karibu, kwa sababu mtaalamu wangu alikataa kata kata kunipa mazoezi ya mtu ambaye hajapimwa. Magoti yake yalikuwa yameanza kulika gegedu, lakini si kwa kiasi cha kumzuia, na moyo ulikuwa sawa. Tukaanza. Kiti cha mbao kiliwekewa mito miwili juu ili kiwe kirefu, kwa kuwa kuinuka kutoka juu ni rahisi kuliko kuinuka kutoka chini. Ainuke mara tano asubuhi na mara tano jioni, polepole, na kuketi kwake kuwe polepole zaidi, maana kuketi ni kuteremka mlima. Kisha ashike meza asimame kwa vidole mara kumi. Mito ilipoonekana kuwa rahisi, tuliondoa mmoja. Chakula nacho tulikitazama. Tuligundua kwamba mama, tangu apikiwe na mtu mwingine, alikuwa akinywa chai na mkate na kusema ameshiba. Mayai na maharagwe yakarudi mezani. Msichana wa kazi aliombwa afanye jambo gumu kuliko yote katika kazi yake, yaani asikimbie mama anapotaka kuchukua kitu.

Nilikuwa na hofu kwamba tumechelewa. Kilichonitia moyo ni habari ya mwaka 1990 kutoka Boston, Marekani. Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua wakazi kumi wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, wakawapa mazoezi mazito ya misuli ya mapaja kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za misuli hiyo ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutumia bakora. Miaka 90! Mama, nilipomsomea, aliuliza tu kama wazee hao walikuwa na wanao.

Wiki tatu za kwanza hapakuwa na tofauti ya kuonekana, isipokuwa maumivu, na mara mbili alikataa. Siku moja alinifokea kwamba nimekuwa mwalimu mkuu. Mimi nami nilikuwa na mguu wangu wa kuufufua, basi tukawa tunafanya pamoja, viti viwili vikitazamana, tukihesabu kwa Kidawida. Mwishoni mwa Oktoba aliinuka mara tatu mikono ikiwa kifuani. Krismasi aliketi kwenye kigoda cha jikoni akapika, akainuka bila ya kumwita mjukuu, na watu wote jikoni tukajifanya hatujaona. Kaka alikuwapo. Alitoka nje tena.

Kiti cha magurudumu hatukukirudisha. Kimepewa zahanati, ambako kina watu wanaokihitaji kwelikweli. Kochi lipo. Mama hulikalia jioni, akiisha kulisha kuku wake na kuwapelekea maji kwa kindoo cha lita tatu ambacho hamruhusu mtu kukigusa. Kila Jumapili kaka hupiga simu kutoka Mombasa, na baada ya salamu huuliza, "Leo ngapi?" Mama humjibu kwa majivuno, na nina shaka kwamba huongeza moja au mbili.

Pasaka ya 2025 alikwenda kanisani kwa miguu, akapumzika mara tatu njiani. Chemchemini hajafika. Kipande cha mwisho cha njia hiyo kimeinama sana, na ile misuli ya mbele ya paja bado haimzuii vya kutosha akiteremka. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho tulikwenda hadi mwanzo wa kipande hicho, yeye na bakora yake, mimi na mguu wangu ambao hadi leo umepungukiwa sentimita moja. Alisimama akatazama chini bondeni kwa muda. "Bado," akasema. Tukageuka tukapanda nyumbani, yeye akiwa mbele.